Mahame Si Pori

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wangu insha kuhusu ziara yetu katika Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Mburo. Mmoja wao, kijana wa makazi ya Nakivale ambaye Kiswahili chake hunipa raha kukisoma, alianza hivi: "Tulifika katika pori ambalo mwanadamu hajawahi kulikalia." Upatanisho wa kisarufi ulikuwa sahihi, nami nikatia alama ya vema pembeni. Usiku ule, nilipokwisha kusahihisha daftari zote, niliirudia sentensi ile na kuifuta alama yangu. Sarufi ilikuwa safi, lakini habari haikuwa ya kweli.

Lugha yetu ina maneno mawili ambayo wanaojifunza huyachanganya. Gofu ni jengo lililobomoka, likabaki kuta bila paa. Mahame ni mahali palipokaliwa na watu kisha wakapahama, pawe pamebaki jiwe au pasibaki. Vitabu vyetu vya kiada hupenda magofu: Kilwa Kisiwani na misikiti yake, Gedi na makaburi yake ya nguzo katikati ya msitu. Ni mambo mazuri, na ninatamani kila mwanafunzi wangu ayaone kwa macho. Hata hivyo, mwanafunzi wa Mbarara humaliza shule akiamini kwamba historia ni mali ya watu wa mwambao waliojenga kwa mawe, na kwamba huku kwetu kuna milima, ng'ombe na ndizi tu.

Hebu fikiria Bigo bya Mugenyi, kule Sembabule, kusini mwa Mto Katonga. Watu walioishi pale karne tano au sita zilizopita walichimba mahandaki ambayo ukiyaunganisha yanapita kilomita 10, na mahali pengine walikata mwamba. Masimulizi ya wenyeji huwataja Wachwezi. Hakuna ukuta wala mnara. Mgeni aliyefunzwa kutafuta kuta anaweza kulivuka handaki lililojaa nyasi akidhani ni bonde dogo la mvua, akarudi nyumbani akasema hakuona kitu.

Ndivyo ilivyo Mburo, ila kule mahame ni mapya, na baadhi ya waliohusika wangali hai.

Kabla ya kuwa hifadhi ya taifa, nyika ile ilikuwa malisho ya ng'ombe wenye pembe ndefu. Wafugaji waliteketeza nyasi kavu kwa majira, ng'ombe wakala machipukizi, na nyika ikabaki wazi. Mwaka 1983 serikali ya Milton Obote ilipandisha eneo hilo hadhi kuwa hifadhi ya taifa, na maelfu ya watu wakaondolewa bila fidia. Serikali hiyo ilipoanguka, wengi walirejea kwa hasira na wanyama wakauawa kwa wingi, maana aliyefukuzwa kwa ajili ya pundamilia hawezi kumtazama pundamilia kwa jicho la mtalii. Baadaye mipaka ya hifadhi ilipunguzwa, na leo ina takriban kilomita za mraba 370.

Kumbuka vile vichaka vya migunga vilivyotuzuia kuwaona swala vizuri. Tulilalamika sana ndani ya basi. Vilienea baada ya ng'ombe na moto wa wafugaji kuondoka. Kwa hiyo kile tulichokipiga picha tukakiita asili ni, kwa sehemu kubwa, alama ya watu kutokuwepo. Hata twiga tuliowashangilia ni wageni: waliletwa mwaka 2015 kutoka Murchison Falls. Nao wamehamishwa, ingawa kwao hakuna aliyelia.

Sasa turudi kwenye sarufi, kwa kuwa hoja yangu imo humo. Kitenzi hama kina watoto wengi: hamia, hamisha, hamishwa. Karibu naye wanakaa jirani wenye tabia tofauti: toweka, kimbia, ondolewa, fukuzwa. Mtu akiandika kuhusu Gedi kwamba wakazi wake walihama, simkosoi. Wataalamu wanataja maji ya visima kushuka, wanataja mashambulizi, wala hawajakubaliana. Neno la jumla linafaa palipo na shaka ya kweli. Lakini akiandika kwamba wafugaji wa Mburo walihama, atakuwa amemficha mtenda. Msomaji ataona watu waliofunga virago asubuhi moja kwa kupenda kwao. Waliondolewa. Waliofukuzwa walifukuzwa na fulani, katika mwaka unaojulikana, na sentensi yenye haki humtaja huyo fulani.

Ugumu upo, na sitaki uudharau. Panda Kamukuzi hapa Mbarara, kilima cha ikulu ya Omugabe. Katiba ya mwaka 1967 ilizifuta falme za Uganda, na Gasyonga wa Pili akawa Omugabe wa mwisho kutawala. Mwaka 1993 falme nyingine zilirejeshwa, ule wa Nkore haukutambuliwa. Je, tuandike kwamba ufalme uliporwa, uliangushwa, au ulikomeshwa? Wazee wawili wa mji huu watakupa vitenzi viwili, maana wapo ambao babu zao walikuwa wakulima wasioona faida yoyote katika ngoma ya kifalme. Pale mimi huwaambia wanafunzi waandike "ulifutwa na katiba ya 1967", kisha waeleze nani alihuzunika na nani alishukuru. Ni sentensi ndefu zaidi, na huchosha kidogo. Bado ndiyo bora.

Wapo watakaoniuliza: mwalimu, unaipinga hifadhi? Siipingi. Bila mipaka ile, sidhani kama pundamilia wangesalia. Sheria ya wanyamapori inawatengea majirani asilimia 20 ya viingilio vya getini, na hilo si jambo dogo kwa kijiji kinachojenga darasa. Ninachokipinga ni ziara ambayo mwanafunzi huhesabu wanyama na kurudi na orodha. Mwongozaji wetu alituambia kisa cha ndugu wawili, Mburo na Kigarama. Kigarama aliota kwamba bonde lao litaangamia, akahamia kilimani. Mburo akapuuza, maji yakamfunika, na ziwa likapata jina lake. Wanafunzi walikipenda. Hakuna aliyeuliza kuhusu waliotoka bondeni bila kuota lolote, nami pia sikuuliza. Nakiri hilo.

Nilimwita yule kijana. Familia yake ilitoka Rutshuru, na Nakivale ni makazi yaliyoanza kupokea wakimbizi tangu miaka ya mwisho ya utawala wa Waingereza, kwanza kutoka Rwanda, sasa kutoka Kongo, Burundi, Somalia na kwingineko. Mto Rwizi unaokatiza Mbarara huelekea mashariki kwenye maziwa na vinamasi ambavyo Mburo na Nakivale zote ni sehemu yake, kwa hiyo yeye na pundamilia wale wanategemea ardhi oevu moja. Nilimweleza habari za mwaka 1983. Alinyamaza, kisha akasema kwamba kijijini kwao nyumba hazipo tena, ila miparachichi ingali imesimama, na mtu anayejua anaweza kuonyesha kwa kila mti ua wa nani ulikuwa wapi. Mpita njia, alisema, ataona miti tu.

Nikamwuliza neno la Kiswahili la mahali kama pale. Hakulijua. Nikaliandika ubaoni: mahame.

Aliichukua insha yake akaanza upya. Baada ya muda alikuja mezani kwangu, akaniuliza kwa sauti ya chini kama mkimbizi anaruhusiwa kuandika neno "serikali" katika sentensi ya namna ile, kuhusu nchi iliyompokea. Nilitambua kwamba swali lake halikuwa la sarufi. Nilimjibu kwamba kuipenda nchi iliyokupokea na kuandika ukweli wake havigombani, na kwamba mwaka aupe tarakimu, 1983, si "zamani". Akarudi kwenye dawati lake kuandika.