Fimbo moja ya kuvulia inatosha, lakini isiwe ile ya kwenye video

Kati ya vitu vinavyokula feza za watu Lubumbashi bila kelele, fimbo ya kuvulia samaki ina nafasi yake. Mtu anatazama video ya Mmarekani aliyesimama ndani ya mtumbwi wa injini. Anatupa chambo cha plastiki mbali, kisha anavuta samaki mnene wa kijani mwenye kinywa kikubwa. Wiki inayofuata mtazamaji yuko sokoni, anauliza kama fimbo ya namna ile iko. Muuzaji anamletea moja inayong'aa, inayojikunja ndani yake yenyewe mpaka inaingia kwenye sakoshi. Wanabishana bei, wanakubaliana. Mwezi wa pili ncha imevunjika, mulineti inalia kama mlango wenye kutu, na mwenye fimbo anawaambia wenzake kwamba kuvua kwa fimbo ni mchezo wa Wazungu.

Si mchezo wa Wazungu. Watoto wa Katuba na wa Kampemba wanajua kuloba kwa kijiti, uzi na mnyoo bila kufundishwa na video yoyote. Kosa liko kwenye kuchagua, na linaanzia pahali ambapo watu wengi hawapatazami: kwa samaki mwenyewe.

Yule samaki wa kwenye video anaitwa black bass. Asili yake ni Amerika ya Kaskazini. Afrika ya Mashariki anapatikana katika ziwa Naivasha, Kenya, ambako aliletwa mwaka 1929 kwa ajili ya watu wanaovua kwa kujifurahisha. Vitabu, video na matangazo mengi ya fimbo vinaandaliwa kwa ajili yake, na ushauri wake unafika Lubumbashi kana kwamba maji yote ya dunia ni yake. Lakini anayetoka hapa kwenda kuvua anatafuta wengine: makobo, kambale, na akifika Luapula au ziwa Mweru, manda, yule mwenye meno.

Tofauti hiyo si ya jina tu. Black bass ana kinywa kikubwa, ila hana meno ya kukata. Ndiyo sababu mtu wa kwenye video anafunga chambo moja kwa moja kwenye uzi. Anayefanya hivyo mbele ya manda atavuta uzi mtupu, maana meno ya manda, kama ya ndugu yake mkubwa mbenga wa mto Kongo, yanapita katika nailoni kama wembe. Hapo kinatakiwa kipande cha waya laini wa chuma, sentimeta 20 au 30, kati ya uzi na ndoana. Kambale hakati uzi namna hiyo, lakini ni mzito, na akishikwa anakimbilia ndani ya majani na matope. Makobo ni kinyume chao: kinywa kidogo, ndoana ndogo, mnyoo au donge la bukari, na mkono mwepesi.

Maduka ya ng'ambo yatasema samaki watatu wanahitaji fimbo tatu. Kwa mwenye duka hilo ni jambo jema sana. Kwa mwalimu wa Ruashi au kijana anayeuza unité barabarani, swali ni moja tu: ipi itafanya kazi zote tatu, hata kama hakuna inayoifanya kwa ukamilifu?

Jibu lipo, wala si la siri. Ni fimbo ya nguvu ya kati, yenye urefu wa mita 2.10 hivi, ya vipande viwili, iliyotengenezwa kwa mchanganyiko wa nyuzi za kioo na kaboni. Juu ya mpini wa fimbo yoyote ya maana kuna maandishi madogo ambayo wanunuzi wengi hawayasomi, nayo yana faida kuliko rangi yote ya fimbo. Yanaonyesha uzito wa chambo ambao fimbo inaweza kutupa na nguvu ya uzi inaoweza kubeba. Inayofaa hapa ni ile inayotupa gramu 7 mpaka 28, kwa uzi wa kilo 4 mpaka 8. Ikiwa imeandikwa kwa vipimo vya Kiingereza, pauni 10 za uzi ni kilo 4 na nusu. Na fimbo isiyo na maandishi hayo kabisa? Muuzaji ataisifu kwa maneno mengi. Afadhali kuiacha.

Kuhusu vipande viwili, wataalamu watapinga. Watasema fimbo ya kipande kimoja ina hisia nzuri zaidi mkononi, na ni kweli. Lakini wataalamu hao hawapandi taxi-bus ya kutoka Kenya saa kumi na mbili asubuhi, wala hawabebwi na manseba kwenye barabara ya mashimo. Fimbo ya mita mbili iliyosimama kati ya abiria ina uhai mfupi. Ikigawanywa mara mbili, inabaki kipande cha mita moja na kidogo, kinachoingia ndani ya bomba la plastiki la fundi wa maji. Ile ya kujikunja, inayouzwa kwa wingi, inaonekana kutatua shida hiyo vizuri zaidi, na hapo ndipo inapodanganya watu. Kila kiungo chake ni mahali pa kuvunjikia. Mchanga na vumbi vinaingia kati ya vipande, na katika mji wa vumbi jekundu kama huu, kuanzia mwezi wa tano mpaka mwezi wa tisa hakuna namna ya kuvizuia.

Mchanganyiko wa kioo na kaboni nao una sababu yake. Kaboni tupu ni nyepesi na inasikia hata samaki akigusa chambo, ila ikigongwa kwenye jiwe au mlango wa gari inapata ufa usioonekana, na siku ya samaki mkubwa inakatika. Nyuzi za kioo ni nzito kidogo, zinapinda sana, zinavumilia mikono ya watoto. Huko Marekani kampuni ya Shakespeare ilianza kuuza fimbo za mchanganyiko huo, Ugly Stik, mwaka 1976, na mpaka leo zinapendwa na watu wasio na feza nyingi. Hakuna haja ya kung'ang'ania jina hilo. Jambo la kung'ang'ania ni mchanganyiko.

Sasa ije ile habari inayogombanisha vijana: mulineti ikae juu ya fimbo au ining'inie chini? Katika video nyingi za black bass inakaa juu. Ni nzuri kwa macho, ndogo, ina nguvu, na mwenye kuitumia anaonekana bingwa. Vijana wengi wanaitaka kwa sababu hiyo, na watu wachache wanawaambia ukweli wake. Katika mulineti ya juu, gurudumu lenye uzi linazunguka wakati chambo kinaruka. Chambo kikipunguza mwendo na gurudumu likaendelea, uzi unajaa na kujifunga ovyo. Wavuvi wa Kifaransa wanaita hali hiyo perruque, yaani wigi, na anayeiona mara ya kwanza hacheki. Kuizuia kunahitaji kidole gumba kilichozoea, na breki za mulineti zilizotengenezwa vizuri. Kwenye mulineti za bei ya chini, breki hizo ndizo zinazoharibiwa kwanza na kiwanda kinachopunguza gharama. Zaidi ya hayo, mulineti rahisi ya juu haitupi vizuri kitu chepesi. Chambo cha gramu 3 cha makobo kitaanguka miguuni pa mvuvi.

Mulineti ya chini haina matata hayo. Gurudumu lake halizunguki wakati wa kutupa. Uzi unatoka wenyewe, na hata ile ya bei ndogo inatupa mnyoo na risasi moja bila ugomvi. Kwa mtu atakayekuwa na fimbo moja tu, ndiyo inayofaa, na aliyekwisha kununua ile ya juu kwa sababu ya video asione haya kuiuza. Ila kuna mmoja anayestahili mulineti ya juu: yule anayekwenda Luapula mara kwa mara kumtafuta manda kwa vyambo vizito vya chuma. Huyo atafurahia nguvu yake. Hata yeye, ajifunze kwanza uani kwa kutupa kipande cha mti, si mbele ya maji. Na asijaribu kuweka moja ya juu kwenye fimbo ya nyingine. Fimbo ya mulineti ya chini ina pete kubwa zinazotazama chini. Ya juu ina pete ndogo, na ndoano ya kidole kwenye mpini.

Kuhusu feza, mazoea ya wengi ni kumaliza zote kwenye fimbo, kisha kuomba uzi kwa jirani. Afadhali kinyume. Mwenye dola 60 asitoe zaidi ya 25 kwa fimbo. Kama 20 ziende kwenye mulineti, na zinazobaki zinunue nailoni mpya ya milimita 0.30, ambayo hubeba kilo 6 hivi, ndoana za ukubwa mbalimbali, risasi na ule waya wa manda. Uzi wa zamani uliokaa juani dukani mwaka mzima hauna nguvu iliyoandikwa kwenye kibandiko, na samaki wengi wanaosimuliwa jioni kwamba walikuwa wakubwa walikata uzi wa namna hiyo.

Dukani, mnunuzi achukue muda, hata muuzaji akinuna. Apitishe kipande kidogo cha pamba ndani ya kila pete. Pamba ikinasa, pete ina ufa, na ufa huo utakula uzi. Aunganishe vipande viwili, atikise. Kiungo kikilia au kikicheza, airudishe. Atazame kwa jicho moja kutoka mpini mpaka ncha kama pete zimesimama mstari mmoja. Azungushe mulineti polepole na asikilize. Akifika nyumbani afunge uzi kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyojaa, aiinue kwa fimbo, alegeze breki mpaka uzi uanze kutoka kidogo kidogo. Kwa uzi wa kilo 6, hapo ni pazuri pa kuanzia. Breki iliyokazwa kabisa ndiyo inayovunja fimbo, kisha kiwanda cha China kinalaumiwa bure.

Fimbo nzuri ikimfikisha mtu kwenye maji mabaya, kazi yote ni hasara. Mito inayopita karibu na viwanda vya madini si pahali pa kutafutia mboga ya watoto. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza kwamba wakaaji wa Katanga wanaoishi karibu na migodi na viwanda walikuwa na kobalti nyingi sana katika mkojo wao. Ziwa Tshangalele, nyuma ya bwawa la Mwadingusha, linapokea maji yanayotoka upande wa viwanda vya Likasi. Anayevua kwa kujifurahisha anaweza kumrudisha samaki majini. Anayevua ili nyumba ile achague juu ya mto kuliko chini ya kiwanda, hata ikiwa ni kutembea zaidi.

Luapula ina hesabu yake nyingine. Kasenga, zaidi ya kilomita 200 kutoka Lubumbashi, iliwahi kuwalisha wafanyakazi wa migodi wakati wa ukoloni, samaki wakiletwa na wafanyabiashara Wagiriki. Mpumbu, aliyekuwa akipanda mto kwa makundi kwenda kutaga, alizibiwa njia kwa nyavu mpaka wingi wake ukaanguka katikati ya karne iliyopita, na haukurudi. Leo kuna wanaovua kwa chandarua cha mbu. Fimbo moja haiwezi kufanya uharibifu kama huo, lakini haimpi mwenyewe ruhusa ya kupuuza miezi ya kufunga uvuvi. Upande wa Zambia uvuvi unafungwa kuanzia tarehe 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari, na anayesafiri kwenda Kasenga au Kilwa katika miezi hiyo aulize kwanza kwa wakubwa wa mazingira wa huko.

Miezi hiyo ina sababu nyingine ya kubaki nyumbani. Radi za Katanga hazibembelezi mtu, na kaboni inapitisha umeme. Fimbo ya mita mbili iliyoinuliwa kwenye uwanda mtupu wakati wa ngurumo, au chini ya waya za SNEL, imegeuka kitu kingine. Ngurumo ya kwanza ikisikika, fimbo ilazwe chini na mwenyewe aondoke kando ya maji.

Anayenunua sasa ana nafasi ya kuizoea kabla ya safari. Katika baridi ya mwezi wa sita na wa saba samaki wanakula kwa uvivu, ndio wakati wa kutupa risasi isiyo na ndoana kwenye kiwanja cha mpira jioni, kulenga tairi la zamani, kukosea, kufungua mafundo. Mwezi wa tisa, joto likirudi na maji ya Luapula yakiwa yamepungua, manda anaanza kufukuza samaki wadogo karibu na mawe.