Kinywaji Cheusi cha Halloween: Mwenyeji Aseme Alichotia

Kila ifikapo tarehe 31 Oktoba, nyumba nyingi za Marekani, Kanada, Uingereza na Ayalandi hupambwa ili zitishe. Sherehe hiyo, iitwayo Halloween, ni mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote, na wahamiaji kutoka Ayalandi walichangia sana kuieneza Marekani katika karne ya 19. Maboga huchongwa macho na meno, meza hutandikwa kitambaa cheusi, na mifupa ya plastiki hulazwa kati ya sahani. Katikati huwekwa kokteli nyeusi tii, inayofuka moshi. Familia za wazungumzaji wa Kiswahili waishio katika nchi hizo nazo hualikwa, na nyingine huwa wenyeji wa karamu.

Kumtisha mgeni kwa mapambo si kosa. Kosa huanza pale kitisho kinapotoka mezani na kuingia glasini, naye mgeni asielezwe.

Weusi wa baadhi ya kokteli hizo hutokana na unga wa mkaa uliochakatwa kwa joto kali hadi ukawa na vitundu vidogo visivyohesabika. Mkaa huo ni dawa. Umo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na katika chumba cha dharura mtu mzima aliyemeza sumu huweza kupewa gramu 50, ili mkaa uinase sumu hiyo kabla haijaingia katika damu. Lakini mkaa hautofautishi sumu na tiba. Huweza kunasa vidonge vya uzazi wa mpango, vya kifafa au vya moyo. Kwa dawa chache, kama fenobabitoni, huweza hata kuivuta irudi tumboni ilhali imekwisha kuingia katika damu. Pombe yenyewe huinasa kidogo mno. Basi anayedhani mkaa utamwepusha na uchovu wa kesho yake anajidanganya. Mwaka 2018, mamlaka ya afya ya Jiji la New York iliwazuia wenye migahawa na baa kuutia katika vyakula na vinywaji.

Watetezi wa kinywaji hicho husema kwamba kinachotiwa ni kidogo. Hoja hiyo ina ukweli: kijiko kimoja cha chai hakifikii dozi ya hospitali. Hata hivyo, mwenyeji hapimi kwa mizani, wala mgeni hanywi glasi moja tu. Tena homoni zilizomo katika kidonge cha kawaida cha uzazi wa mpango hazifiki miligramu moja.

Wengine husema: mwenye kutumia dawa na aulize. Hapo ndipo lilipo tatizo lenyewe. Mgeni anayetumia dawa za kufubaza makali ya virusi vya UKIMWI, au aliyeficha kifafa chake kwa miaka mingi, atauliza vipi mbele ya watu bila kuifichua siri yake? Atanyamaza, atapokea glasi, atakunywa. Mwenyeji akitangulia kusema, mgeni huyo huchagua glasi nyingine kimyakimya, na hakuna anayejua sababu. Kwa hiyo mzigo wa kusema ni wa mwenyeji, wala haufai kuachiwa mgonjwa.

Moshi nao una hatari yake. Hutokana na barafu kavu, ambayo ni gesi ya kaboni dioksidi iliyogandishwa, yenye baridi ya nyuzi 78 za Selsiasi chini ya sifuri. Kipande kikimezwa huunguza koo na tumbo kwa baridi. Naitrojeni ya kimiminika ni baridi zaidi: mwaka 2012, katika mji wa Lancaster nchini Uingereza, kijana mmoja aliyekunywa kokteli iliyotiwa kimiminika hicho alitoboka mfuko wa chakula, na madaktari walilazimika kuuondoa ili kumwokoa.

Yote haya hayaizuii karamu. Weusi hupatikana kwa juisi nzito ya zabibu nyeusi, na wekundu wa damu kwa rosela. Barafu kavu na iwekwe pamoja na maji ya moto katika bakuli kubwa la nje, na kinywaji kikae katika chombo cha ndani. Ishikwe kwa koleo, madirisha yawe wazi, na kamwe isifungiwe ndani ya chupa, kwani huweza kuipasua. Kando ya kila jagi pasikosekane karatasi ndogo inayotaja vilivyomo, na jagi moja lisiwe na pombe.

Mhudumu wa afya naye ana sehemu yake. Mgonjwa anayerudiwa na degedege, au aliyeshika mimba ilhali hakosi vidonge, aulizwe pia alichokunywa kwa ajili ya urembo au kile kiitwacho kusafisha mwili. Aulizwe faraghani, pasipo lawama.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Haki inadai kwamba mgeni naye arudi kwake akiwa mzima, na dawa aliyoimeza asubuhi ikiwa bado inamfanyia kazi.