Mtoto asiyetulia chuoni aeleweke kabla ya kupigwa bakora

  

Wazazi wenzetu wa Kiislamu, kila chuo cha Qur'ani hapa kwetu Kenya, kuanzia Lamu hadi Eastleigh, hakikosi mtoto ambaye maalim hulijua jina lake tangu siku ya kwanza. Hatulii jamvini. Wenzake wakisoma sura, yeye anahesabu viatu vilivyo mlangoni. Hujibu kabla swali halijaisha, husahau msahafu leo na kalamu kesho, na aya aliyoishika vyema Jumamosi huwa imempotea Jumapili. Shuleni nako ni hayo kwa hayo: daftari nusu tupu, hesabu anazoziweza anazikosea kwa pupa, na ripoti ya mwisho wa muhula inamwita mvivu. Afikapo umri wa miaka 10 amekwisha kupigwa kuliko nduguze wote, naye amekwisha kusadiki kuwa ni mtoto mbaya.

Baadhi ya watoto hao hawana utovu wa adabu hata chembe. Wana hali ambayo madaktari huiita kwa herufi ADHD, yaani upungufu wa uwezo wa kumakinika, aghalabu ukiandamana na utukutu na pupa iliyopita kiasi. Wako wanaodai kuwa huu ni uzushi wa siku hizi. La hasha. Tabibu wa Uskoti, Alexander Crichton, aliandika kuhusu hali inayofanana nayo mwaka 1798, na mwaka 1902 George Still aliwahutubia madaktari wenzake jijini London juu ya watoto wenye akili timamu wasioweza kujizuia. Tafiti za nchi nyingi zikijumlishwa, hukadiriwa kuwa takriban watoto 5 katika kila 100 wana hali hii. Kwa makadirio hayo, darasa la watoto 60 huenda likawa nao 3.

Hali hii haisababishwi na sukari wala na malezi mabaya. Kwa kiasi kikubwa hurithiwa. (Baba anayemchapa mwanawe kwa kutotulia, na amuulize kwanza mama yake mzazi jinsi yeye mwenyewe alivyokuwa utotoni.) Wataalamu waliopima ubongo wa watoto hawa wamekuta kuwa baadhi ya sehemu zake, hasa zile za mbele zinazomwezesha mtu kuuzuia mkono na ulimi wake, huchelewa kukomaa kwa wastani wa takriban miaka 3. Kwa hiyo mtoto wa miaka 10 huenda akajizuia kama wa miaka 7, nasi tunamdai utulivu wa umri ambao ubongo wake haujaufikia.

Wazazi wengi huuliza: mbona mbele ya katuni anatulia saa nzima? Jawabu ni kwamba makini yake hushikwa na kitu chenye msisimko na malipo ya papo hapo. Anachoshindwa ni kuyaelekeza makini hayo kwa hiari yake kwenye jambo lisilomvutia. Msichana naye husahaulika kabisa, kwa kuwa mara nyingi yeye hasumbui mtu. Huketi kimya, macho dirishani, na kuitwa mzito wa akili.

Hata hivyo, tusiharakishe kumpa jina hili kila mtoto mchangamfu. Madaktari hutaka dalili ziwe zilianza kabla ya umri wa miaka 12, zimedumu miezi 6 au zaidi, na zinaonekana mahali zaidi ya pamoja, kama vile nyumbani na shuleni, huku zikimharibia mambo yake. Pia huchunguza masikio, macho, kifafa na usingizi. Mtoto anayelala saa sita usiku kwa ajili ya simu hawezi kutulia darasani hata kidogo.

Wapo wanaokimbilia kombe na hirizi wakisema mtoto ana pepo. Hatukanushi kuwepo kwa majini, na kisomo cha Qur'ani ni rehema. Lakini Mtume (SAW) aliwaamuru waja wa Allah watafute tiba, na kisomo hakijapata kumzuia mtu kwenda hospitali.

Ama kuhusu bakora, hutolewa hoja ya Hadithi mashuhuri ya Abu Daud inayohusu watoto na Swala. Wanaoitumia huiruka sehemu yake ya kwanza. Mtoto huanza kuamrishwa akiwa na miaka 7, na adhabu haikutajwa ila afikapo 10. Hapo katikati pana miaka 3 ya mafunzo na subira. Wanazuoni nao wakaweka masharti kuwa kipigo kisijeruhi wala kisiguse uso. Hadithi hiyo inahusu kuacha Swala, wala si kusahau kalamu. Ibn Khaldun, katika Muqaddima yake ya karne ya 14, alionya kuwa mwanafunzi anayelelewa kwa ukali hujifunza uongo na hila ili ajiokoe. Hapa Kenya adhabu ya viboko ilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikalitilia nguvu katazo hilo. Mtume (SAW) mwenyewe aliswali akiwa amembeba mjukuu wake Umama, akimweka chini anaposujudu na kumbeba tena anaposimama.

Basi tufanyeje? Mzazi anaposema, "Nenda ukaoge, uvae kanzu, uchukue msahafu, ufunge mlango," ametoa amri 4, na mtoto huyu huipoteza ya pili njiani. Atoe moja, akimtazama usoni, na akiitimiza amsifu hapo hapo. Maalim amketishe karibu naye, mbali na mlango, ampe aya moja badala ya ukurasa, kisha amtume kufuta ubao au kuleta maji ili mwili upate kunyooka. Imam Ghazali alikwisha kuandika kuwa mtoto aruhusiwe kucheza baada ya masomo, kwa sababu kumnyima mchezo huua moyo wake.

Walimu wa shule wanaweza kumwelekeza mzazi kwenye vituo vya EARC vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu, vilivyoanza nchini mwaka 1984, au taasisi ya KISE iliyoko Kasarani, Nairobi. Daktari huenda akaandika dawa, mathalani methilfenideti, ambayo huwasaidia wengi lakini hupunguza hamu ya kula; mtoto apimwe uzito na kimo mara kwa mara. Kijana aliyebaleghe anayeitumia amwone daktari kabla ya Ramadhani kuhusu saa za kuimeza.

Kamati za madrasa nazo tunaziomba ziweke kanuni: asifukuzwe mtoto kwa kutotulia kabla mzazi hajaitwa na mtoto kupimwa, na nafasi yake jamvini isipewe mwengine hadi majibu yarudi.