Jina kongwe kwenye gari jipya

Novemba 17, 2019, mjini Los Angeles, kampuni ya Ford ya Marekani ilizindua gari linalotumia umeme, lenye milango minne na nafasi ya kutosha kupakia familia na mizigo yake, na kulipa jina la Mustang Mach-E. Wapenzi wa Mustang walikuja juu. Kwao Mustang ni gari la milango miwili, lenye bonneti ndefu na injini inayosikika mtaa wa pili. Hili jipya lilikuwa na nembo ileile ya farasi mbele, lakini halingurumi, halinywi petroli, na umbo lake ni la gari la kwendea sokoni na kupelekea watoto shule.

Mauzo yake ni habari nyingine. Mwaka 2024 Ford iliuza nchini Marekani Mach-E 51,745, wakati Mustang yenyewe, ile ya petroli, iliuzwa 44,003. Aliyeazimwa jina amempita mwenye jina.

Mfanyabiashara anayeangalia mauzo peke yake anaweza kusema kuwa mjadala umekwisha na Ford imeshinda. Hilo ni jibu la haraka mno. Jina la bidhaa ni mtaji kama ulivyo mtaji wa fedha au shamba. Linajengwa kwa miaka mingi na linaweza kukopwa siku moja. Swali la kiuchumi ni nani atalilipa deni hilo, na kwa kitu gani.

Majina yanayogombaniwa hivi sasa yalizaliwa katika kipindi kifupi sana. Mwishoni mwa mwaka 1963, kwa modeli ya mwaka 1964, wahandisi wa Pontiac, akiwemo John DeLorean, walichukua gari la kawaida la ukubwa wa kati, Tempest LeMans, wakalifunga injini kubwa ya silinda 8 yenye ujazo wa lita 6.4. Kampuni mama ya General Motors ilikuwa imepiga marufuku injini kubwa kiasi hicho kwenye magari ya ukubwa huo, hivyo wakaiingiza kama nyongeza ya hiari ambayo mteja aliilipia chini ya dola 300. Wakaiita GTO, jina ambalo nalo waliliazima kwa Ferrari ya Italia. Kwa hiyo wanaolalamika leo kuwa majina yanaazimwa bila haya wakumbuke kuwa gari linalohesabiwa na wengi kuwa la kwanza la aina hii lilianza na jina la kuazima.

Magari hayo Wamarekani wanayaita magari ya misuli: bodi ya gari la mtu wa kawaida, injini ya mbio, bei ambayo kijana mwenye kazi ya kiwandani aliimudu. Mustang, iliyozinduliwa Aprili 17, 1964 kwa bei ya dola 2,368, ilipata oda zaidi ya 22,000 siku ya kwanza. Charger ikafuata mwaka 1966, Camaro modeli ya 1967, Challenger modeli ya 1970. (Nchini Tanzania herufi V8 zimekuja kuwa jina la mashangingi ya wakubwa. Huko zilikotoka zilikuwa za kijana asiye na cheo.)

Biashara hiyo haikudumu hata miaka 10. Kampuni za bima zilipandisha ada kwa vijana wenye magari hayo, sheria za hewa chafu zikabana injini, na Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zikafunga mafuta kwa Marekani. Injini zikafa, majina yakabaki mikononi mwa kampuni.

Hapo ndipo ukopaji ulipoanza, mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mustang ya modeli ya 1974 ilijengwa juu ya gari dogo la bei nafuu, Pinto, na mwaka huo wa kwanza haikuwa na injini ya silinda 8 kabisa. Waliopenda Mustang ya awali wanaidharau mpaka leo, lakini kwa mwaka huo mmoja wa modeli yaliuzwa magari karibu 386,000. Mwaka 1978 Dodge ilichukua gari dogo lililotengenezwa Japani na Mitsubishi, ikalibandika jina la Challenger. Miaka ya 1980 Charger nayo ikawa gari dogo linalovutwa na magurudumu ya mbele. Mnunuzi aliyekuwa hajawahi kuona Challenger ya mwaka 1970 hakudanganywa kitu; alipata gari linalotumia mafuta kidogo. Aliyewahi kuiona ndiye aliyejihisi kaibiwa.

Mfano wenye mafunzo zaidi, na ambao msomaji wa Afrika Mashariki ataupokea kwa tabasamu, ni ule wa Chevrolet Nova. Miaka ya 1960 Nova iliyofungwa injini kubwa ilikuwa gari la kuogopwa. Mwaka 1984 General Motors na Toyota walifungua kiwanda cha ubia Fremont, California, na gari la kwanza kutoka humo likaitwa Nova. Chini ya jina hilo la Kimarekani kulikuwa na Corolla. Baadaye gari hilo likabadilishwa jina na kuwa Geo Prizm, huku Corolla yenye beji ya Toyota ikitoka kiwanda hichohicho, kwa mikono ya wafanyakazi walewale. Pamoja na hayo, Corolla iliuzwa kwa bei ya juu zaidi ya Prizm, na ikiwa imetumika ilishika thamani yake vizuri zaidi.

Kuna methali isemayo chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kiwanda cha Fremont kinaonyesha kuwa methali hiyo ni nusu ya ukweli. Chema kilekile, kikivaa jina jingine, kiliuzwa kwa hasara ya jina. Tofauti ile ya bei haikuwa ya chuma wala ya rangi. Ilikuwa malipo ya miaka ambayo Toyota ilikuwa imetimiza ahadi zake kwa wateja, na ambayo Chevrolet, kwa magari madogo, ilikuwa haijatimiza.

Ndiyo maana kampuni haziachi majina yao yaozee kabatini. Kulijulisha soko jina jipya ni gharama kubwa ya matangazo, na mara nyingi jina hilo halishiki. Pia ipo sheria. Nchini Marekani alama ya biashara isiyotumika kwa miaka 3 mfululizo huhesabiwa kuwa imetelekezwa, mpaka mwenyewe athibitishe vinginevyo. Ford inaijua hasara ya kuachia jina: ilipotengeneza upya gari lake la mbio lililoshinda Le Mans mwaka 1966, ilikuta jina la GT40 liko mikononi mwa kampuni nyingine, hawakukubaliana bei, na gari likatoka likiitwa Ford GT tu.

Lakini kulitumia jina ili lisipotee si sawa na kulitumia vizuri. General Motors iliirudisha GTO mwaka 2004 kwa kuchukua Holden Monaro, gari lililotengenezwa Australia, na kubadilisha beji. Kwa nguvu na mwendo gari hilo halikuwa na kasoro ya kutajwa. Kasoro ilikuwa kwamba mtu aliyeliona barabarani hakugeuka kulitazama mara ya pili. Kwa miaka 3 yaliuzwa zaidi kidogo ya 40,000, na miaka michache baadaye Pontiac yenyewe ikafungwa. Dodge Dart ya modeli ya 2013, iliyojengwa juu ya msingi wa gari la Alfa Romeo, ilikufa mwaka 2016.

Nissan ilifanya hivyohivyo na jina ambalo wazee wa Kenya na Tanzania hawahitaji kuelezwa. Datsun ilishinda Safari Rally miaka ya 1970, 1971 na 1973, kisha mara nne mfululizo kuanzia 1979, na hapakuwa na tangazo bora kuliko hilo kwa mkulima aliyetaka pikapu ya kuhimili tope. Jina hilo lilizikwa miaka ya 1980. Nissan ikalifufua mwaka 2014 kwa magari ya bei rahisi yaliyolengwa India, Indonesia, Urusi na Afrika Kusini. Mwaka huohuo Datsun Go ilijaribiwa kwa kugongeshwa na shirika la Global NCAP, ikapata nyota sifuri. Kufikia mwaka 2022 jina lilikuwa limezikwa tena. Sifa iliyojengwa kwenye makorongo ya Afrika Mashariki ilitumiwa kuuzia bati jepesi.

Upande wa pili iko Ford Maverick. Mwaka 1969 lilikuwa jina la gari dogo la bei ya dola 1,995. Mwaka 2021 Ford ililipa jina hilo pikapu ndogo yenye injini ya petroli inayosaidiwa na umeme, na bei ya kuanzia ikawa dola 19,995, utani ambao wazee waliuelewa. Mwaka 2024 ziliuzwa zaidi ya 130,000. Umbo halifanani hata kidogo na la zamani. Kilichohifadhiwa ni ahadi: gari la kazi, lisilomtia mtu kwenye deni kubwa. Hapo ndipo mkopo wa jina ulipolipwa, na ndipo watetezi wa umbo na mngurumo wanapokosea hesabu.

Dodge sasa imo kwenye mtihani huohuo. Mwishoni mwa mwaka 2023 iliacha kutengeneza Charger na Challenger za silinda 8. Mwaka 2024 ikaleta Charger Daytona ya umeme, jina la gari ambalo Machi 1970 lilikuwa la kwanza la mashindano ya NASCAR kupita mwendo wa maili 200 kwa saa kwenye uwanja wa duara. Kwa kuwa umeme haungurumi, wahandisi wakalifunga kifaa cha kutoa mngurumo wa bandia. Wanunuzi hawakushawishika, toleo la umeme la bei ya chini liliondolewa kwenye modeli za mwaka 2026, na injini ya petroli ikarudishwa, safari hii ya silinda 6. Kama ahadi ya Charger ilikuwa mwendo, gari la umeme linao. Kuongeza sauti ya uongo juu yake kulikuwa ni kukiri kuwa kampuni haikuwa na uhakika iliahidi nini.

Wafanyabiashara wa nafaka wanaijua hali hii bila kuwa na gari. Jina la Kyela kwenye gunia la mchele Dar es Salaam, au la pishori ya Mwea jijini Nairobi, linaongeza bei kabla gunia halijafunguliwa, na malalamiko ya mchele wa kwingine kuchanganywa na kuuzwa kwa majina hayo ni ya miaka mingi. Tofauti ni kwamba Ford inakopa kwenye sanduku lake yenyewe. Anayechanganya mchele anakopa kwenye sanduku la mkulima wa Kyela, ambaye siku mteja akichoka kudanganywa ndiye atakayeshushiwa bei shambani. Kwa vikundi vya wakulima vyenye jina linaloanza kujulikana, Tanzania Bara alama ya biashara husajiliwa BRELA, kwa miaka 7 ya kwanza na kisha 10 kila inapohuishwa. Kenya ni miaka 10 tangu mwanzo.