Haki Inayotolewa kwa Jina la Basari

Sisi wazazi wa shule za kutwa tumechoka kuambiwa kwamba elimu ya Kenya ni ya bure. Bure gani hii inayoletwa na orodha ya ukurasa mzima? Rimu ya karatasi, ufagio, jembe, karatasi za chooni, pesa za chakula cha mchana, pesa za mtihani, na chini kabisa, mshahara wa walimu wa bodi. Hao wa bodi ni walimu ambao Tume ya Utumishi wa Walimu (TSC) haijawaajiri, kwa hivyo tunawaajiri sisi, mama mboga na watu wa bodaboda. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza shule ya umma kututoza karo ya masomo. Mwalimu mkuu anaijua hiyo sheria, nasi tunaijua, basi karo ikabatizwa majina mengine.

Wala mwalimu mkuu hatumlaumu sana. Ni serikali yenyewe iliyosema kila mwanafunzi wa sekondari apewe mgao wa Sh22,244 kwa mwaka. Kiwango hicho hakijaguswa tangu 2018, kana kwamba bei ya maharagwe nayo ilisimama mwaka huo. Hata hicho hakifiki. Julai 2025, Waziri wa Fedha John Mbadi aliketi mbele ya kamati ya bunge akasema bila kupepesa kwamba Hazina haina uwezo wa kutoa kiasi chote, na kwamba kinachotolewa ni kama Sh16,900. Haya, tupige hesabu. Shule yenye wanafunzi 500 inapungukiwa zaidi ya Sh2.6 milioni kwa mwaka. Nani atazijaza kama si sisi? Na hizo chache zinazokuja huja zimechelewa, muhula umeshakolea na aliyekopesha shule mahindi anabisha lango.

Kulikuwa pia na watoto wasiohesabiwa kabisa. Asiye na cheti cha kuzaliwa hakuingia kwenye NEMIS, mtambo wa serikali wa kusajili wanafunzi, na asiyeingia hakupata mgao, ingawa alikuwa darasani na alikula kwenye sufuria ile ile. Kupata cheti Nairobi si sawa na kukipata kule Mandera au Turkana, ambako nauli ya kwenda ofisini inaweza kumla mtu mbuzi. Aliyehitaji zaidi ndiye aliyekosa.

Ajabu ni kwamba upande wa pili pesa zipo. Basari hazikosekani. Tunapiga foleni ya fomu, tunamfuata chifu atie sahihi, tunamfuata padri au imamu, kisha mheshimiwa anakuja na hundi ya kadibodi iliyo kubwa kama mlango, tunapiga makofi. Mtoto wa jirani anapata, wetu anakosa, na hakuna anayetueleza kigezo ni kipi. Mtu anajipigia debe kwa kodi yetu! Mahakama Kuu iliamua Septemba 2024 kwamba sheria ya NG-CDF, hazina ya maeneobunge inayotoa basari hizo, inakiuka Katiba, ikaipa hazina hiyo hadi Juni 2026. Wabunge hawakulala. Kabla ya mwaka mmoja kupita tangu uamuzi huo, walikuwa wamepitisha mswada wa kuiingiza ndani ya Katiba yenyewe. Mbio hizo hatujaziona hata siku moja kwa ajili ya mgao wa shule.

Halafu tunaambiwa adui wetu ni mwalimu anayegoma. Ni kweli, mwaka 2015 tulikasirika. Mahakama iliwapa walimu nyongeza ya mshahara ya asilimia 50 hadi 60, serikali ikakataa kulipa, wakagoma wiki kadhaa, watoto wakakaa nyumbani, na mwishowe Mahakama ya Rufaa ikaifuta nyongeza hiyo. Lakini Kifungu cha 41 cha Katiba kinawapa haki ya kugoma, na wakiacha kugoma wanapata nini? Julai 2021 walitia sahihi mkataba wa pamoja na mwajiri (CBA) usiokuwa na nyongeza ya hata shilingi moja.

Tena ada ya chama hukatwa na mwajiri kutoka kwa mshahara, kisha mwajiri ndiye anayeipeleka chamani. Chama cha walimu cha KNUT kilipozozana na TSC mwaka 2019, makato yakasitishwa, na chama kilichokuwa na walimu zaidi ya 150,000 kikabaki na wasiofika 30,000 katika muda wa miaka miwili. Utambishia vipi anayeshika mfuko wako?

Septemba 2025 maelfu ya walimu walialikwa Ikulu. Wakashangilia, wakaahidiwa fedha zaidi za kupandishwa vyeo. Hatuwaonei wivu, wapande. Ila mambo hayo ndiyo ya kujadiliwa mezani na kutiwa sahihi, chama upande huu na mwajiri upande ule. Mwalimu akishafika kwa mwenye nyumba kushukuru, nani atauliza walimu wetu wa bodi wataajiriwa lini?