Kioo cha Kukuzia si Kuibia Mtihani

Mtahiniwa, ukimwona mwenzako anasoma kwa kioo cha kukuzia maandishi, au anasikiliza kitabu kwenye kompyuta yenye programu ya kusoma kwa sauti, usiseme anapendelewa. Je, miwani ya mwalimu wako nayo ni upendeleo? Vifaa hivi havimpi mtu jibu. Vinamfikisha kwenye swali tu. Kufikiri kunabaki kazi yake.

Na kama ni wewe unayekodolea ubao macho, usifiche kwa aibu. Baraza la Mitihani la Tanzania huandaa karatasi za maandishi yaliyokuzwa na za nukta nundu, ila shule lazima itoe taarifa mapema. Nimeona wanafunzi hodari wakikosa swali wanalolijua kwa sababu hawakulisoma vizuri. Mwambie mwalimu wako leo.