Si damu tu inayorithiwa

Wahenga walinena kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka. Kila mara kijana kutoka Bonde la Ufa anapopata nafasi ya kukimbilia chuo kikuu cha Marekani, kama alivyofanya kakaye au dadaye, methali hiyo hutajwa upesi, kana kwamba imemaliza mjadala. Yamkini damu ina sehemu yake. Hata hivyo, upo urithi mwingine ambao hatuuzungumzii.

Tuitazame jamaa ya Bernard Lagat wa Nandi. Mwaka 1996 alijiunga na Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington. Hakuwa Mnandi wa kwanza kupita huko. Henry Rono alikuwa mwanafunzi wa chuo icho hicho mwaka 1978, alipovunja rekodi nne za dunia kwa siku 81. Baada ya Lagat, nduguye Robert Cheseret alikiwakilisha Chuo Kikuu cha Arizona, naye dada yao Viola Cheptoo akaenda Florida State. Mwaka 2021 Viola alipomaliza wa pili katika marathoni ya New York, kakaye alikuwa akitangaza mbio hizo kwenye runinga, na machozi yakamshinda.

Msomaji atagundua kwamba vyuo ni vitatu tofauti. Basi ndugu hawa hawakurithishana kiti katika chuo kimoja. Walichorithishana ni ujuzi wa njia.

Njia yenyewe si nyepesi. Kuna mtihani wa Kiingereza, mawasiliano na makocha, stakabadhi za viza, na alama za darasani ambazo zikishuka mwanariadha huzuiwa kushindana. Aidha, tangu Julai 2021 wanariadha wa vyuo vya Marekani wameruhusiwa kujipatia fedha kwa matangazo ya biashara, lakini mwenye viza ya mwanafunzi angali amebanwa na sheria za uhamiaji. Aliye na kaka aliyetangulia huelezwa haya nyumbani, chai ikiwa mezani. Asiye naye hubahatisha, au hujitia mikononi mwa mawakala asiowajua.

Hapo ndipo penye dhuluma. Mtoto wa mkulima asiyejulikana huenda akawa na miguu myepesi kuliko ya mwana wa bingwa, lakini akabaki kijijini kwa kukosa wa kumshika mkono.

Je, shule haiwezi kuwa kaka? Inaweza. St. Patrick's ya Iten, alikofika Bruda Colm O'Connell mwaka 1976, imewalea mabingwa wengi ambao hawakuwa ndugu wa tumbo moja. Peter Rono, aliyetwaa dhahabu ya mita 1,500 mjini Seoul mwaka 1988, alipitia hapo, na pia alisomea chuo cha Mount St. Mary's huko Maryland.

Wapo watakaouliza kwa nini tuitengeneze njia inayotupokonya mabingwa. Hoja yao ina uzito. Lagat alituletea shaba mwaka 2000 na fedha mwaka 2004, lakini dhahabu zake mbili za Osaka mwaka 2007 zilikwenda Marekani, nchi aliyokuwa amechukua uraia wake. Hata hivyo, dadaye Viola alikimbia New York akiwa Mkenya. Kusoma ugenini si kuikana nchi. Isitoshe, goti likiharibika, shahada hubaki.

Kwa hivyo, serikali za kaunti na wakuu wa shule wasingojee ukoo ufanye kazi ya umma. Kila shule yenye wakimbiaji na iwe na mwalimu mmoja anayezijua taratibu hizi, wa kumshauri mwanafunzi bila malipo na kumweleza pia nafasi zilizopo katika vyuo vyetu wenyewe. Mti hauendi ila kwa nyenzo. Vipaji tunavyo tele, lakini nyenzo bado tumewaachia wachache waliobahatika kuzaliwa baada ya bingwa.